Kabla ya kulipa mashini, uliza memwari
Maneno yetu mbele ya vijana wa Kalemie



Leo tunasema juu ya mashini ndogo za bei ya chini, zile sisi wanafunzi na vijana wasio na kazi tunanunua kwa kuchangisha dola moja moja. Nyingi ziko na RAM ya giga 4 na nafasi ya kuweka faili ya giga 32. Mara mingi vyote viwili vimechomelewa kwenye kadi mama. Huwezi kutoa, huwezi kuongeza. Fungua Word na kurasa chache za intaneti: mashini inalala.

Windows 11 inaomba RAM giga 4 na nafasi giga 64. Ya giga 32 imeachwa inje. Windows 10 nayo, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye alikopa ili aandike TFC anabakia na deni.

Na ile memwari inachomelewa kwa nini? Kwa bati. Bati inatoka katika kasiteriti, na kasiteriti inachimbwa Manono, katika jimbo letu hili la Tanganyika, tangu wakati wa ukoloni. Mawe yanatoka kwetu, mashini zinarudi kwetu zikiwa zimefungwa.

Kule Ufaransa, tangu Januari 2021, mwenye kuuza laptop analazimika kuonyesha alama juu ya 10: inatengenezeka namna gani. Sisi pia tuko wanunuzi. Njo maana tunaomba:

Wauzaji: andikeni pembeni ya bei, RAM ni ngapi na inaongezeka ao hapana.

Serikali ya jimbo, vyuo na mashirika yanayogawa mashini: msinunue zile zisizofunguka kwa feza ya watu.

Sisi wenyewe: kabla ya kulipa, fundi afungue chini na aonyeshe nafasi ya bareti. Tuulize pia kadi inakubali giga ngapi, na bareti ni ya aina gani, juu DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4. Mashini ya ofisi iliyotumika, yenye nafasi mbili, inaweza kukusaidia kuliko mpya iliyofungwa. Mwenye amekwisha kununua, asitupe: ajaribu Linux nyepesi, inakula RAM kidogo.

Muuzaji akikataa kufungua, mubakie na feza yenu.