Kusafisha Ardhi Yenye Zebaki: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi



Dhahabu ya Geita huchenjuliwa ng'ambo, lakini ziwa letu ni moja. Wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, na mchanga wa marudio hubaki umerundikwa karibu na makarasha. Zebaki haiozi. Mvua huisomba hadi ziwani, ambako vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya katika samaki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaliwezesha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kumwamuru mchafuzi kuirejesha ardhi katika hali njema. Si vyema, hata hivyo, kukimbilia koleo. Kwanza vipimwe udongo, visima na tope la mito. Kisha rundo lizungushiwe tuta na kufunikwa kabla ya masika.

Marudio yenye zebaki yasichenjuliwe upya kwa sayanaidi. Faida inavutia, twaelewa. Lakini sayanaidi huiyeyusha zebaki, ikasafiri na maji kwa wepesi. Mkataba wa Minamata, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unataka zebaki iondolewe kwanza.

Mwenye rundo karibu na mto amwarifu Afisa Mazingira wa Wilaya kabla ya kulihamisha.