Pikipiki ya Umeme na Riziki ya Bodaboda

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu, uliofanyika katika ukumbi wa shule)



Kamati iliniomba nichague jambo lolote lenye manufaa kwa wakubwa na wadogo. Nimechagua pikipiki. Najua wapo watakaocheka, kwa kuwa walitazamia mtumishi wa serikali aje kuwahutubia juu ya nidhamu. Lakini nikitoka nje ya lango la shule hii nakuta kijiwe cha bodaboda, na miongoni mwa vijana wanaokaa pale wapo waliomaliza kidato cha nne katika madarasa haya haya. Jambo linalogusa riziki yao ni jambo letu. Naomba ieleweke pia kwamba nasema kama mwanafunzi wa zamani, wala si kwa niaba ya ofisi yangu.

Jambo lenyewe ni hili. Viwanda vikongwe vya pikipiki, ambavyo kwa miaka mingi vilijipatia fedha kutokana na injini ya petroli, sasa vinatengeneza vyombo vya umeme, na vinashindana kuvifanya vya bei nafuu. Je, mabadiliko haya yatamwinua kijana wa kijiweni, ama yatamfunga kamba mpya?

Tuanze na historia. Jina la Bajaj halihitaji kufafanuliwa hapa Tanzania. Tumeligeuza kuwa neno letu, tukakiita chombo cha magurudumu matatu bajaji. Kampuni hiyo ni ya India. Mwaka 1972 ilitoa skuta iliyoitwa Chetak, jina la farasi wa mfalme Maharana Pratap, na watu waliipenda hata wakangoja zamu kwa miaka kuinunua. Baadaye pikipiki zikaishinda skuta, na mwaka 2009 Bajaj ikaamua kuachana na skuta kabisa. Januari 2020 jina la Chetak likafufuliwa, safari hii bila tangi la petroli. Mwezi huo huo TVS, ambao pikipiki zao mnazijua, wakatoa skuta ya umeme iitwayo iQube. Hero MotoCorp, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za pikipiki duniani, wakafuata Oktoba 2022 kwa skuta za Vida. Na Honda wa Japani, ambao Super Cub yao iliyoanza mwaka 1958 ilivuka idadi ya milioni 100 mwaka 2017, wakaonyesha skuta mbili za umeme huko India Novemba 2024.

Kwa nini wakongwe hawa walichelewa? Si kwamba hawakujua. Honda walikwisha kutengeneza skuta ya umeme mwaka 1994, lakini ilikuwa ghali, ikauzwa chache tu. Kizuizi kilikuwa betri. Mwaka 2010 betri ya lithiamu yenye uwezo wa kilowati-saa 1, yaani uniti moja ya umeme, iligharimu zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 wastani wa bei duniani ulikuwa umeshuka hadi dola 115 hivi. Hapo hesabu yote ikabadilika.

Sababu ya pili ni ushindani. Kampuni changa zisizo na kiwanda cha injini cha kulinda, kama Ather na Ola, ziliingia sokoni na kuchukua wateja. Sababu ya tatu ni serikali. Kuanzia Aprili 2020 India ililazimisha pikipiki za petroli zitoe moshi safi zaidi, jambo lililozipandisha bei. Na wakati huo huo ikawa inatoa ruzuku kwa vyombo vya umeme. Mzee akisukumwa pande tatu hana budi kusogea. Wahenga walisema kawia ufike: ilipofika mwaka 2025, TVS na Bajaj walikuwa wamekwisha kuzipita zile kampuni changa katika mauzo ya skuta za umeme.

Sasa tazameni walivyoshusha bei, maana hapa pana somo. Skuta za kwanza za Vida, za mwaka 2022, ziliuzwa kuanzia rupia 145,000. Julai 2025 Hero hao hao wakatoa Vida VX2 kwa rupia 99,490. TVS na Bajaj nao mwaka 2024 walikuwa wametoa aina zisizofika rupia 100,000. Njia ya kwanza waliyotumia ni kupunguza betri: badala ya kubeba uniti tatu na zaidi, chombo kinabeba mbili na kidogo, kwa hiyo kinakwenda umbali mfupi. Njia ya pili ni kuuza chombo bila betri. Vida ile ile, mnunuzi akikubali kukodi betri na kulipa kwa kila kilomita, ilitangazwa kwa rupia 59,490. Ya tatu ni ule utajiri wa wakongwe usioonekana dirishani: viwanda vikubwa, mawakala kila mji, na mafundi waliokwisha kufunzwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkisikia neno "bei nafuu," ulizeni kwanza nini kimepunguzwa. Mtu wa Pune au Bengaluru anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, kisha akachaji chombo chake nyumbani usiku, betri ndogo inamtosha. Bodaboda wetu si mtu huyo. Huyu kwa siku moja hupita kilomita 100 au zaidi, mara na abiria wawili, mara na gunia la mkaa, katika barabara ya vumbi kiangazi na tope masika. Skuta ya magurudumu madogo haimfai, na betri ya uniti mbili itamwacha njiani kabla ya saa nane mchana.

Hata hivyo, faida ya umeme ni ya kweli, na wanafunzi wa Fizikia wanaweza kuipima. Injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa inayobaki hupotea kuwa joto. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 80. Tufanye hesabu ya mfano. Pikipiki ndogo ya petroli kwa kilomita 100 itumie lita 2. Tukadirie lita moja kwa shilingi 2,900, jumla ni shilingi 5,800. Ya umeme, pamoja na upotevu wa kuchaji, itumie uniti 5; tukadirie uniti moja kwa shilingi 360, jumla ni shilingi 1,800. Tofauti ni shilingi 4,000 kwa siku. Kwa kijana aliye kwenye mkataba, anayempelekea tajiri hesabu kila jioni, shilingi 4,000 ni chakula cha nyumbani. Tena hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna kabureta wala ringi za pistoni.

Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayechaji betri yake mwenyewe. Akikodi betri hulipi bei ya umeme. Analipa bei iliyopangwa na mwenye betri. Mtindo wa kubadilishana betri kituoni umeenea Rwanda na Kenya, nao una uzuri wake: dereva hapotezi saa nyingi akingoja kuchaji, na pikipiki anaipata kwa bei ya chini. Mjini Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa ni za umeme tu. Mimi siupingi mtindo huo. Ninachosema ni kwamba kijana anaweza kumaliza mkataba, akapewa kadi ya pikipiki kwa jina lake, kisha akagundua kuwa bila betri ya mtu mwingine chombo chake ni mzigo wa chuma. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenye betri akipandisha bei, atakwenda wapi? Akifunga kituo, je? Betri ya kampuni nyingine haiingii.

Jambo hili lina dawa, na wakongwe wenyewe wameionyesha. Mwaka 2021 Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, washindani wa miaka mingi, walikubaliana kule Japani juu ya betri ya kipimo kimoja, itakayoingia katika chombo cha yeyote kati yao. Ikiwa mahasimu wakubwa kiasi hicho wameweza kukaa meza moja, hakuna sababu ya sisi kukubali kila muuzaji alete betri yake na soketi yake. Betri ya kipimo kimoja humpa dereva uhuru wa kuhama kituo, kama anavyohama leo kutoka sheli moja kwenda nyingine.

Lipo somo la pili kwa wale wenzangu mlio katika utumishi. Ruzuku ya India ilifika rupia 15,000 kwa kila kilowati-saa mwaka 2021, ikapunguzwa hadi 10,000 mwaka 2023, na 5,000 mwaka 2024. Ilikuwa gongo la kutembelea, si kiti cha kukalia. Viwanda vilijua kuwa vitaachiwa visimame vyenyewe, ndiyo maana vikahangaika kushusha gharama.

Lipo na la tatu. Aprili 2025 China iliwekea masharti uuzaji nje wa sumaku maalumu zinazotumika katika mota, na miezi michache baadaye Bajaj, pamoja na ukubwa wake, ililazimika kupunguza utengenezaji wa Chetak. Kwa hiyo tusidhani kwamba kuachana na petroli ya kigeni ni kujitegemea moja kwa moja. Umeme tunao wa kwetu. Mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikamilika mwaka 2025. Lakini betri na mota bado tunaagiza. Tusipokuwa na watu wanaovifahamu vitu hivyo, tutakuwa tumebadilisha bwana tu.

Hapo ndipo nawageukia ninyi wadogo zetu. Katika gereji za mji huu wapo mafundi hodari ambao wakiisikia injini ikinguruma hujua ugonjwa wake. Pikipiki ya umeme hainguruma. Ugonjwa wake unatafutwa kwa mita, na kwa kichwa kinachoelewa volti, ampea na ukinzani. Somo mnaloliona gumu katika kidato cha tatu ndilo spana ya fundi wa kesho. Betri ikiandikwa volti 72 na ampea-saa 40, zidisha: utapata wati-saa 2,880, yaani uniti tatu kasoro kidogo. Kijana anayeweza kufanya hesabu hiyo dukani hatadanganywa na muuzaji anayemwahidi kilomita 200.

Nanyi wenzangu wa zamani, nawaombeni mambo mawili. Kwanza, Umoja wetu ununulie maabara ya Fizikia mita za kutosha na betri moja ya pikipiki ya kujifunzia kwa usimamizi wa mwalimu. Gharama yake hailingani na chakula tutakachokula leo mchana. Pili, kila mmoja wetu aliye karibu na chama cha bodaboda awasaidie kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na kuuliza maswali manne: betri ni ya nani? Dhamana yake ni miaka mingapi? Bei ya kubadilisha inaweza kupanda bila taarifa? Na je, mwenye betri anaweza kuizima kutoka mbali iwapo dereva amechelewa kulipa siku moja?

Viwanda vikongwe vimegeuka, na vyombo vyao vitafika kwetu tutake tusitake. Vinamtengenezea anayejua kudai anachohitaji. Basi tuwasaidie vijana wa pale langoni wajue cha kudai.