Mafunjo ya Sironga

 

Asubuhi hii tunataka tutazame mmea ambao wengi hupita kando yake bila kugeuza shingo. Ni mafunjo, yale yaotayo pamoja na majani mengine ya majini katika bonde la Sironga, huko Nyamira. Jirani zetu Wajaluo huyaita togo. Shina lake lina pembe tatu, halina fundo, na juu kabisa hubeba shungi la nyuzi kama ufagio mpya. Yasiposumbuliwa hufika mita 4, hata 5. Ni ya ukoo mmoja na ndago, yule adui wa kila mwenye jembe, na pengine ndiyo sababu hatuyapi heshima.

Yumkini mtauliza, mchungaji ana kazi gani na majani ya kinamasi? Basi tufungue Kitabu cha Ayubu, sura ya 8, mstari wa 11 na wa 12. Hapo Bildadi anamwuliza Ayubu kama mafunjo huweza kumea pasipo matope. Kisha asema kwamba yakikosa maji hunyauka mbele ya majani mengine yote, hali yangali mabichi, wala hakuna aliyeyakata. Bildadi alimhukumu Ayubu isivyo haki, na katika sura ya 42 Mungu alimkemea yeye na wenzake. Lakini kwa habari ya mafunjo alisema kweli.

Mtu akiyakata kwa panga ili asuke mkeka au aezeke kibanda, hajayaua. Uhai wake uko chini, katika shina nene lililolala matopeni. Yakipumzishwa, baada ya miezi kadhaa husimama tena. (Akiyakata mfululizo bila kuyapumzisha, hapo huchoka, kama ng'ombe akamuliwaye bila kulishwa.) Lakini mtu na achimbe mfereji, maji yatoke bondeni. Hapo hakuna haja ya panga tena.

Na yakifa, ni nani apataye hasara? Mvua ya Kisii mnaijua. Maji hushuka mitelemkoni yamebeba udongo wa mashamba, mbolea ya chai na mahindi, na uchafu wa vyoo. Yakifika penye mafunjo hupunguza mwendo. Udongo hutua. Mbolea iliyopotea shambani hunywewa na mizizi, na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikaavyo mizizini humo, hula sehemu ya uchafu. Kisha maji hutoka polepole, na jirani aliye chini huyakuta hata kiangazi kikiingia. Maji ya vilima vya Nyamira hushuka kwa mito ya Gucha na Sondu hadi Ziwa Victoria, na mbolea isiyozuiwa njiani huenda kulisha gugu maji linalowafungia wavuvi njia. Wenzetu wa Kampala wanalo bonde la Nakivubo, ambalo kwa miaka mingi limepokea maji machafu ya mji kabla hayajaingia ziwani, karibu na mahali mji uchotapo maji yake ya kunywa. Huko nako mashamba na majengo yamelila bonde.

Hatusemi haya ili tumlaumu baba mwenye nusu ekari na watoto watano. Ardhi ya Gusii imegawanywa mpaka imekuwa vipande. Kinamasi ndicho mahali palipobaki wazi, na matofali yakichomwa yanaleta karo. Mikaratusi nayo huuzwa upesi, ingawa hunywa maji kuliko tupendavyo kukiri. Mwaka wa 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya vyanzo vya maji ing'olewe. Agizo lilikuwa jema, lakini agizo halilipi karo.

Tukumbuke pia Misri. Katika Kutoka sura ya 2, mama yake Musa alitengeneza kisafina akamweka mtoto ndani yake. Neno la Kiebrania litumikalo hapo kwa mmea wa kisafina ni lile lile la Ayubu 8, yaani mafunjo. Mmea huo uliokuwa umejaa kando ya Mto Nili, uliowapa Wamisri karatasi na mashua, baadaye ulikaribia kutoweka kabisa katika nchi yao. Katika miaka ya 1960 Mmisri mmoja, Hassan Ragab, alilazimika kuleta miche kutoka Sudan ili ayapande tena.

Sironga haijafika huko. Mwenye shamba kando ya bonde anaweza kuacha ukanda wa mafunjo kati ya mboga zake na maji, akayakata kwa zamu, huku upande huu na huku mwaka ujao, na mkeka ukapelekwa sokoni. Mikaratusi na ipandwe mlimani. Na sisi wa kanisa tunalo letu, kwa maana makanisa yetu mengi yamejengwa kwa matofali ya kuchoma. Kamati ya ujenzi itakapokaa tena, kabla ya kuuliza bei, mwenyekiti na aulize udongo wa matofali hayo umechimbwa wapi.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.