Taa kwa Aliye Peke Yake

Ndugu waumini, na majirani zetu wa Kingolwira,

Diwali huangukia usiku usio na mwezi. Ndiyo sababu sisi huwasha taa. Hata hivyo, nyumba yenye taa nyingi yaweza kuwa na mtu aliyezama gizani. Baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971, jamaa zetu wengi walihamia Uingereza na Kanada. Wazee waliobaki huzisikia sauti za wajukuu kwa simu, kisha ukimya hurejea.

Mwaka jana tulimpelekea mama mmoja sahani ya mithai, tukaiacha mlangoni, tukawahi arati. Baadaye alitueleza kuwa alikuwa hajala wala kulala kwa siku mbili. Alihitaji mtu wa kuketi naye.

Siku ya Bhai Bij kaka huenda kula kwa dada yake. Tuipanue desturi hiyo: kila aliye mpweke apate mgeni, awe Mhindu, Mwislamu au Mkristo. Tumsikilize, tusimwambie ajikaze. Huzuni ikidumu wiki mbili, naye akashindwa kula na kulala, tumsindikize hospitali ya mkoa, Morogoro. Maradhi ya akili si aibu wala laana.

Tunawatakieni Diwali njema.