Tusome Kabla ya Kutia Sahihi
(Hotuba kwa wakazi wa Busanza, Kanombe, Wilaya ya Kicukiro)

 

Uwanja wa ndege wa Kanombe, jirani yenu, ni mpaka kama ulivyo Rusumo. Na penye mpaka hapakosi barua: tamko la mzigo, ombi la hati ya kusafiria, taarifa ya mali iliyopotea. Wengi wetu huandikiwa barua hizo na vijana wenye kompyuta, kwa mojawapo ya lugha 4 rasmi za Rwanda. Leo twazungumzia chombo kinachoweza kuwarahisishia vijana hao kazi, nacho ni programu ya vifupisho vya maandishi.

Mwandishi huhifadhi maneno marefu na kuyapa kifupisho. Akibonyeza nukta mbili na herufi chache, aya nzima hujitokeza. Mojawapo ni Espanso, itolewayo bila malipo kwa kompyuta za Windows, macOS na Linux. Faida yake ni dhahiri: anwani haikosewi, sentensi iliyokwisha kusahihishwa haiharibiki, na foleni hupungua.

Hata hivyo, yapo mambo 3 ya kuangaliwa.

Kwanza, maneno yaliyohifadhiwa hayamjui aliyeketi mbele ya kompyuta. Aya iliyotungwa kwa mfanyabiashara aliyepitia Gatuna itamwandika hivyo hivyo aliyepitia Kagitumba, mwandishi asipoibadilisha. Sahihi ikishatiwa, maneno ni yako. Atakayeulizwa mpakani ni wewe, si kompyuta, na mtu mkweli aweza kuonekana mwongo kwa jambo asilolitamka.

Pili, Espanso huweka vifupisho katika faili la maandishi ya kawaida. Anayeweza kulifungua aweza kuyasoma yote. Kwa hiyo nambari ya kitambulisho cha mteja, yenye tarakimu 16, isigeuzwe kifupisho. Wala nywila, wala namba ya siri ya pesa za simu. Taarifa hizo zikiangukia mikono mibaya, mtu mwingine aweza kujifanya wewe. Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 inalinda taarifa binafsi, na anayezitunza ana wajibu wa kuzilinda.

Tatu, ili itambue kifupisho, programu ya namna hii hufuatilia herufi zinazobonyezwa. Hivyo basi, ipakuliwe kwa watengenezaji wenyewe. Programu iliyoletwa na mtu asiyejulikana, kwa flashi ya mkononi, yaweza kuwa mwizi aliyevaa joho la karani.

Ndugu wananchi, hatuji kuzuia chombo hiki. Vijana wakitumie, wapate riziki yao. Nanyi mnaoandikiwa, ombeni msomewe barua nzima kwa lugha mnayoielewa, hasa majina, tarehe, mpaka mliopitia na kiasi cha mzigo. Kusomewa si kumdharau mwandishi. Ni haki ya mwenye sahihi. Mkihisi kwamba kitambulisho chenu kimetumiwa na mwingine, fikeni upesi kituo cha polisi au ofisi ya RIB iliyo karibu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Barua isiyosainiwa bado yasahihishika.