Usalama wa Mwanachuo Hauishii Kwenye Uzio wa Chuo

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata zinazopakana na chuo kikuu



Chuo salama ni kipi? Wengi watajibu kwamba ni kile ambacho daftari lake la matukio halina kesi hata moja. Jibu hilo lina hatari, na historia ya sheria moja ya Marekani yaonyesha kwa nini.

Mwezi Aprili 1986, Jeanne Clery, binti wa miaka 19 aliyekuwa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha Lehigh, jimbo la Pennsylvania, alibakwa na kuuawa chumbani mwake bwenini. Muuaji alikuwa mwanafunzi mwenzake, aliyepita milango mitatu iliyopaswa kujifunga yenyewe lakini ikawa imeachwa wazi. Baadaye wazazi wa marehemu waligundua kwamba katika miaka mitatu iliyotangulia palikuwa pametokea matukio 38 ya uhalifu wa kutumia nguvu chuoni hapo, nao hawakuwa wameambiwa lolote.

Juhudi zao zilizaa sheria ya mwaka 1990. Kila chuo kinachoshiriki mipango ya serikali kuu ya kugharimia wanafunzi hulazimika kutangaza takwimu za uhalifu kila mwaka na kutoa tahadhari mapema pale hatari inapoendelea. Hesabu hiyo haikomei kwenye majengo ya chuo; huingiza pia barabara na maeneo ya umma yanayopakana nayo.

Takwimu hizo zina fundisho. Kati ya mwaka 2001 na 2017, matukio yaliyoripotiwa katika vyuo vya Marekani yalishuka kutoka zaidi ya 41,000 hadi chini ya 30,000 kwa mwaka, hasa kwa kupungua kwa wizi wa kuvunja. Katika kipindi hichohicho, makosa ya ngono yaliyoripotiwa yalipanda kutoka takriban 2,200 hadi zaidi ya 10,000. Ongezeko hilo halithibitishi peke yake kwamba wabakaji wameongezeka. Huenda pia waathirika wengi zaidi wamepata ujasiri wa kusema na mahali pa kusikilizwa. Takwimu huhesabu kilichoripotiwa, hazihesabu kilichofichwa.

Hapo ndipo kata zinapohusika. Wanachuo wengi wa Tanzania hawalali bwenini. Wamepanga vyumba vijijini na mitaani. Kompyuta mpakato inapoibwa katika chumba cha kupanga, tukio haliingii katika daftari la chuo. Mwenye nyumba naye, kwa kuogopa kukimbiwa na wapangaji, husihi mambo yaishe kimyakimya. Polisi hawapati taarifa, na mwizi yuleyule huhamia nyumba ya jirani.

Yapo yanayowezekana kuanzia leo. Mwenye nyumba aweke komeo imara na taa ya nje, awe na orodha ya wapangaji wake na amjulishe mwenyekiti wa kitongoji kila anapopokea mgeni. Mwanachuo abonyeze *#06# na kuandika pembeni zile tarakimu 15 za simu yake. Zitawasaidia polisi kuitafuta ikiibwa. Ujumbe wa kitapeli unaodai fedha utumwe kwenda namba 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Kila wizi, hata uwe mdogo, ufikishwe kwa Polisi Kata au kituo cha polisi kilicho karibu.

Ukatili wa kijinsia usimalizwe kwa vikao vya familia wala kwa faini ya mbuzi. Aliyebakwa apelekwe hospitali haraka, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuonwa na daktari, ili ushahidi usipotee. Taarifa ipelekwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambako pia hupatikana fomu ya PF3. Mkufunzi au mwajiri anayetumia mamlaka yake kudai ngono anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Taarifa zake hupokelewa na TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi siku taarifa ya kata itakapoonyesha matukio mengi kuliko mwaka uliotangulia, wakazi wasikimbilie kumlaumu askari au kukichukia chuo. Waulize kwanza: je, uhalifu umeongezeka, au waliokuwa wakinyamaza sasa wameanza kusema? Na pale daftari linapokuwa tupu, swali liwe zito zaidi: ni nani bado ananyamaza, na anamwogopa nani?