Mitungi Miwili Ubavuni

Somo letu leo ni juu ya mzamiaji afungaye mitungi yake ya hewa ubavuni, si mgongoni. Desturi hii ilianzia Uingereza, kwa watu waliopenya mapango yaliyojaa maji, ambamo njia ni nyembamba.

Kila mtungi una regyuleta yake, ili moja ikiharibika, ya pili imwokoe. Mara nyingi mpira wa kulia ni mrefu, kiasi cha meta 2, na wa kushoto ni mfupi, huning'inia shingoni.

Sasa sikiliza jinsi inavyofanya kazi. Hewa mtungini hushindiliwa kiasi cha mara 200 ya hewa ya kawaida. Sehemu ya kwanza ya regyuleta huupunguza msukumo huo hadi mara 10 hivi ya hewa ya kawaida juu ya ule wa maji. Sehemu ya pili, iliyo kinywani, hutoa hewa pale tu mtu avutapo pumzi. Kiti cha vali kikichakaa, hewa huvuja. Fundi hufunga geji na kutazama: mshale ukizidi kupanda bila kutulia, kiti kibadilishwe.

Nawe utokapo baharini, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi. Kwanza funga kizibo, wala usibonyeze kitufe, maji yasije yakaingia ndani yakaleta kutu. Usipake mafuta ya mashine: yakikutana na oksijeni nyingi huweza kuwaka.

Mpaka juma lijalo, jiulize: kwa nini mpira mmoja uwe mrefu? Jibu ni mwenzako, siku atakapoishiwa hewa. Kwaherini.